Je, wajua kwa nini "ni kweli" ya kwanza haitoshi kortini?

Ukiingia korti ya Makadara au Kibera jijini Nairobi Jumatatu asubuhi, utakuta washtakiwa wamejazana, wengi wao wakiwa wamekamatwa wikendi. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikiisha siku ambayo korti haifanyi kazi, muda unasogea hadi siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana aliyenaswa Ijumaa jioni anaweza kulala seli hadi Jumatatu.

Karani anasoma: tarehe fulani, katika soko la Gikomba, uliiba simu. Ni kweli au si kweli? Kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, anajibu kwa sauti ya chini: "Ni kweli."

Anayefika kortini mara ya kwanza hudhani hukumu inatoka papo hapo. Kumbe bado. Kiongozi wa mashtaka lazima asimulie kisa chenyewe: simu ni ya nani, ilipatikana wapi, alikamatwaje. Kisha kijana anaulizwa tena kama maelezo hayo ni ya kweli.

Tuseme anajibu: "Ni kweli niliichukua, lakini nilidhani ni ya ndugu yangu." Ukimsikia utasema amekiri. Kisheria hajakiri, kwa sababu wizi ni kuchukua kwa nia ya kuiba, naye anasema hakuwa na nia hiyo. Hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana, na kesi ipangiwe tarehe ya kusikizwa.

Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliuweka wazi utaratibu huu mwaka 1973: shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo. Anayeelewa Kisomali au Kiturkana pekee ana haki ya mkalimani bila kulipa hata senti.

Uangalifu wote huu una sababu nzito. Chini ya kifungu cha 348 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, aliyekiri na kutiwa hatiani katika mahakama ya chini hana rufaa juu ya hatia yenyewe. Anaweza kulalamikia ukubwa wa adhabu au uhalali wake tu. Inaniuma kila nikifikiria mtu anayesema "ni kweli" kwa uchovu, akiamini ndiyo njia ya mkato ya kurudi nyumbani.

Maana anayekana harudishwi rumande moja kwa moja. Dhamana ni haki yake, kwa masharti yanayofaa, isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito ya kumzuilia. Akipewa masharti, jamaa zake wanaweza kulipa pesa taslimu au kuleta mdhamini, naye akaondoka na tarehe ya kesi kutajwa. Wasipopata, basi la magereza linamsubiri jioni.