Unapomlipa mtu akupangie makaratasi ya matibabu

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika tarehe 1 Mei 2023, dirisha letu la kumbukumbu za tiba limepata ugomvi wa aina mpya. Zamani aliyekuja na kadi ya kliniki ya mama yake na maneno matamu aliondoka na nakala. Siku hizi tunamrudisha, na anayerudishwa mara nyingi si mtoto wala mume, ni mtu aliyelipwa. Mgonjwa yuko nyumbani, hana nguvu ya kupanga foleni, ametafuta kijana wa kumshughulikia makaratasi, nasi tumemkatalia huyo kijana. Simu ya malalamiko hutufikia kabla hajatoka getini.

Niseme mapema kwamba hatupingi wagonjwa kutafuta msaada huo. Mtu ambaye kisukari kimemfika kwenye figo, anayechujwa damu mara tatu kwa wiki, anaweza kuwa na kliniki nne katika hospitali tatu, na kila moja inamdai karatasi ya mwenzake. Makaratasi yenyewe yako kwenye mfuko wa rambo, ule uliopigwa marufuku mwaka 2019 lakini bado unatunza vyeti vya nusu ya wagonjwa wetu. Watoto wako kazini au mikoani. Kumlipa mtu siku mbili tatu aje akae naye wapange ni jambo la busara. Tatizo linaanza pale anayepanga karatasi anapogeuka kuwa ndiye mgonjwa.

Kazi ya kupanga ifanyike nyumbani kwa mgonjwa, mgonjwa akiwepo, na mfuko usiondoke na mtu. Karatasi za tiba zipangwe kwa tarehe, si kwa hospitali. Daktari anataka kuona ugonjwa unavyotembea: kreatinini (kipimo cha figo) ya Temeke ya mwaka huu ikae juu ya ile ya Amana ya mwaka jana, aone imepanda au imetulia. Mambo ya bima na malipo yawe na faili lake, kwa sababu anayeyadai si daktari. Barua za rufaa na muhtasari wa kuruhusiwa wodini viwe mbele, ndivyo vinavyoulizwa kwanza. Juu ya yote iwekwe karatasi moja yenye namba za faili za kila hospitali, dawa na dozi, dawa zinazomdhuru, na simu ya ndugu. Huyo mpangaji anakili kilichoandikwa tu. Akishindwa kusoma aache nafasi wazi, asikisie. Mwandiko wa madaktari ni mada nyingine, nami bado nafanya kazi nao.

Kuna mambo mawili yanatuumiza sana pale dirishani. La kwanza ni kupiga laminesheni. Risiti za EFD, picha nyingi za utrasaundi na majibu ya baadhi ya mashine za maabara huchapwa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto. Ukiipitisha kwenye mashine ya laminesheni inageuka nyeusi yote, na hapo hakuna wa kuisoma, hata sisi. Ukiiacha bila kufanya lolote, nayo inafifia baada ya miezi kadhaa. Dawa yake ni kutoa kopi mapema, kopi na halisi zikae pamoja. Barua ya rufaa nayo isipigwe laminesheni, maana kila inakopita inaongezewa mhuri na saini, na mhuri haushiki juu ya plastiki. Hili tumelisema miaka.

La pili ni kutupa. Msaidizi mwenye bidii huona karatasi zilizochakaa akazichoma. Mgonjwa mmoja wa saratani alifika kwetu akiwa na faili zuri lenye vibandiko vya rangi, ila majibu ya kwanza ya kinyama alichokatwa kupimwa (biopsi) hayamo, yaliondoka na "takataka za zamani". Karatasi ile ndiyo msingi wa matibabu yake yote. Ikabidi maabara ya patholojia itafute sampuli iliyohifadhiwa kwenye nta, isomwe upya, na muda ukapotea ambao mgonjwa wa saratani hana wa kupoteza. Mwambie msaidizi wako kwamba kazi yake ni kupanga, kuchuja si kazi yake.

Sasa tuje kwenye nakala ambazo huna na zipo kwetu, maana huko ndiko kwenye vurugu.

Faili la hospitali si lako kulibeba. Taarifa zilizomo ni zako, na una haki ya kuzijua na kupewa nakala, lakini jalada lenyewe linabaki masjala. Anayegonga kioo akidai "nipe faili langu niondoke" anajichosha bure. Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa inathibitisha makazi, haimpi mtu yeyote ruhusa ya kusoma majibu yako. Cheti cha ndoa vilevile. Mume si msemaji wa mke mtu mzima kwenye dirisha la kumbukumbu, wala mke kwa mume, hata kama ndiye aliyelipia matibabu. Nimeshaelezwa mara nyingi kwamba huu ni uzungu. Basi na uwe hivyo: sheria inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na inataka idhini ya maandishi ya mwenyewe kabla hatujampa mtu mwingine.

Idhini hiyo haihitaji wakili. Watu wanauziwa hati ya uwakili pale steshenari kwa bei ya kuumiza, wakati kwa ajili ya nakala za vipimo barua ya kawaida inatosha. Hati ya uwakili ina mahali pake, benki na kwenye mambo ya mafao, nayo hukoma mtoaji anapofariki. Tunapokea wanaokuja nayo wiki moja baada ya mazishi na kushangaa tukiwaelekeza kwa msimamizi wa mirathi.

Barua iandikwe hivi. Majina yako matatu yafanane na yaliyo kwenye kitambulisho cha NIDA au kadi ya bima. Kama kwenye faili uliandikishwa kwa jina la utani au jina la kabla ya kuolewa, taja yote mawili. Namba ya faili. Jina la unayemtuma na namba ya kitambulisho chake, aje na kitambulisho halisi, kopi peke yake hatupokei. Kisha taja nyaraka: "majibu ya vipimo vya figo kuanzia Januari hadi Juni", au "muhtasari wa kulazwa kwangu mwezi wa tatu". Taja zinakwenda wapi na kwa sababu gani. Taja siku ambayo idhini inakwisha. Weka tarehe, saini na namba ya simu unayoipokea mwenyewe, kwa sababu tutakupigia. Simu ikipokelewa na huyohuyo aliyesimama mbele yetu, tunarudisha barua. Kwetu barua iliyozidi siku 30 tangu iandikwe haipokelewi; hospitali nyingine zina taratibu zao, uliza kabla ya kumlipa mtu nauli.

"Nipatieni kila kitu kilichomo" hatukubali, na wengi hukasirika hapa. Fikiri kidogo. Faili la miaka 12 lina maelezo uliyompa mnasihi, lina historia ya uzazi, lina mambo ya nyumbani uliyosema siku ulipozidiwa. Kijana uliyempa kazi Jumatatu hana sababu ya kuyasoma Jumatano. Ukiyataka yote, njoo mwenyewe, au uje na mtu ukiwa umekaa kando yake.

Kwa aliyepata kiharusi au mkono unatetemeka, saini ya leo haitafanana na ya mwaka 2016 iliyo kwenye faili, na karani atasita. Asilaumiwe. Weka dole gumba mbele ya shahidi mtu mzima ambaye si huyo unayemtuma, naye aandike jina na namba yake ya kitambulisho. Mgonjwa asiyejitambua kabisa ni suala jingine, sheria inaruhusu taarifa kutumika kuokoa maisha pale mwenyewe hawezi kutoa idhini, na hilo linapitia kwa daktari anayemtibu, si dirishani. Kwa mtoto chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayesaini.

Kuna taarifa za kuangaliwa kwa jicho la pekee, nazo ni za VVU. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya majibu hayo. Kadi ya CTC, yaani ya kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, isikae kwenye faili moja na vipimo vya presha ambavyo msaidizi atavipeleka huku na huko. Itoe wewe mwenyewe kwanza, uiweke unapopajua, ndipo umwite aanze kazi.

Kuhusu adhabu, nieleze kwa kirefu kidogo kwa sababu kuna wanaodhani sheria hii inahusu kampuni za simu tu. Anayetoa taarifa binafsi za mtu kinyume cha sheria, kama ni mtu binafsi, anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Ikiwa ni kampuni au taasisi, faini inaanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Anayeharibu, kufuta au kuficha taarifa kinyume cha sheria, faini ni kati ya shilingi 100,000 na milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Hizo ni tofauti na kughushi, ambako Kanuni ya Adhabu inataja kifungo cha miaka 7. Nalitaja la kughushi makusudi: msaidizi anayejitolea "kurekebisha" tarehe ya ED, karatasi ya daktari ya kupumzishwa kazi, ili mwajiri asisumbue, au kuongeza jina la dawa kwenye karatasi ya bima, anakuingiza na wewe kwenye kesi. Karatasi ni yako, jina ni lako.

Mwenye malalamiko anayapeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo inatakiwa kuyashughulikia ndani ya siku 90, na inaweza kuongeza muda. Asiyeridhika na uamuzi ana nafasi ya kwenda Mahakama Kuu. Lakini hospitali ndiyo ya kuanza nayo. Mengi yanaisha kwenye meza ya mkuu wa kitengo, kama malalamiko yameandikwa na si ya kupigiwa kelele korido.

Kitambulisho cha NIDA mwonyeshe, usimwachie kopi zake kumi "za akiba". Namba ya NIDA, picha na laini ya simu vikikutana mikononi mwa mtu mmoja, vinatosha kukopea. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyofanya kazi bila leseni, na mgonjwa aliyelala hawezi kujua kwamba ana deni la kausha damu hadi shemeji yake apigiwe simu ya matusi. Kopi anayoipeleka mahali ichore mistari miwili juu yake na uandike "kwa matumizi ya hospitali" na tarehe. Nywila usimpe. Namba ya siri inayoingia kwenye simu kwa ujumbe, msomee mwenyewe ukiwa umeishika simu, na ukijua inaingia kwa ajili gani. Kadi ya bima irudi mkononi mwako jioni ileile.

Malipo yawe kwa siku au kwa kazi, na nauli mbali. Anayetaka fungu katika mafao yako ya NSSF au fidia ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, usimchukue, huyo ana sababu ya kukuandika mgonjwa kuliko ulivyo. Makubaliano yawe ya maandishi, hata ukurasa mmoja wa daftari unatosha: anafanya nini, analipwa kiasi gani, haruhusiwi kupiga picha karatasi kwa simu yake, na akimaliza anakabidhi kila alichonacho. Mkifanya hivyo nyumbani kwa mtu mmoja ni shughuli ndogo. Anayeifanya biashara, ana wateja na kabati la mafaili ya watu, yeye anachakata taarifa binafsi na anatakiwa kusajiliwa na Tume. Mwombe cheti cha usajili kabla hujamkabidhi chochote.

Wapo pia wale wa getini. Wanajua majina ya makarani, wanajua lini mtandao unakata, na wanakuambia bila wao hupati kitu. Ni vishoka. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wanaowalipa wangesaidiwa bure mita hamsini ndani, kwenye ofisi ya ustawi wa jamii. Maafisa hao wanasaidia kufuatilia makaratasi, kuandika barua, na kwa asiye na uwezo kushughulikia msamaha wa matibabu. Hawaji nyumbani kwako kupanga mfuko wa rambo, hilo ni kweli.

Wengine wanadhani siku hizi yote haya hayana maana kwa sababu "kila kitu kiko kwenye kompyuta". Kompyuta ya kwetu inaona ya kwetu. Mifumo ya hospitali nyingi bado haijasomana kikamilifu, kwa hiyo bahasha ya kaki itaendelea kupanda daladala na wewe.

Ukitaka kumwondoa uliyemtuma, sheria inakuruhusu kufuta idhini wakati wowote, bila kueleza sababu na bila malipo. Usiishie kumwambia yeye kwa simu, maana sisi hatujui kama mmegombana. Andika mistari mitatu, jina lake, namba ya faili lako na tarehe, ipigwe mhuri wa kupokelewa na ubaki na kopi. Kama huwezi kufika, mtume ndugu aje na barua hiyo; kwa kufuta idhini hatumdai barua nyingine ya utambulisho. Dirisha linafunguliwa saa moja na nusu asubuhi na linafungwa saa tisa na nusu alasiri. Jumatatu foleni ni ndefu.