Milošević hakufuta magazeti yote jamani

Kuna kitu nakiona kinarudiwa sana, eti Serbia enzi za Slobodan Milošević, mtawala wa nchi hiyo miaka ya 1990, hakukuwa na gazeti huru hata moja, yote yalikuwa ya serikali. Sio kweli. Politika, gazeti la tangu 1904, lilikuwa mkononi mwake kweli, lakini jarida la Vreme lilianza 1990 na gazeti la Danas 1997, na yote yalikuwa yanamkosoa waziwazi, na redio B92 ilikuwepo tangu 1989, walipokatiwa matangazo Desemba 1996 wakahamia kurusha kwa intaneti, fikiria intaneti ya miaka ile!

Sasa alitawalaje? Kwa TV. RTS, televisheni ya serikali, ndo ilifika kila kijiji, wakati gazeti linataka hela, na 1993 bei zilipaa mpaka mshahara ukawa haununui kitu, nani angekumbuka gazeti? Yaani aliyaacha yapumue ila yasifike mbali.

Oktoba 1998 ndo akakaza kamba, magazeti ya Danas, Naša borba na Dnevni telegraf yakafungiwa, siku chache baadae ikaja sheria ya habari yenye faini za kuua kampuni kabisa. Slavko Ćuruvija, mwenye Dnevni telegraf, akapigwa risasi mlangoni kwake Belgrade tarehe 11 Aprili 1999, siku ya Pasaka ya Waorthodoksi. Ukisema hakukuwa na magazeti huru unamfuta na huyu, na inaniuma kweli. Washtakiwa wanne wa mauaji yake, watu wa usalama wa taifa, mahakama ya rufaa iliwaachia huru, hukumu ikatangazwa 2024.