Ustawi wa Jamii Hawaji Kukunyang'anya Watoto

Juzi nimeisikia tena ile hofu ya kunyang'anywa watoto na Ustawi wa Jamii. Saa kumi na mbili asubuhi, kwenye kibaraza cha duka jirani na stendi ya Moshi, mama mmoja na watoto wawili. Nguo zao zote zimeingia kwenye ndoo moja ya plastiki. Kadi za kliniki kazifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuzichomeka kifuani zisilowe. Siku ya tatu hiyo tangu mume amtoe nje. Akaniamkia, "Shikamoo mama," nikaitikia, nikamwambia twende kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Akawavuta watoto karibu. "Hapana mama. Wale watanichukulia hawa."

Mimi ni msaidizi wa kisheria, na hakuna maneno yanayonichosha kama hayo. Yananichosha kwa sababu yanamlaza mama nje usiku wa nne na wa tano, mtoto anaanza kukohoa, na mlango wa msaada uko umbali wa kutembea kwa mguu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ana haki ya kuishi na wazazi wake. Kumtenganisha nao ni uamuzi wa mahakama, pale inaporidhika kwamba kuendelea kukaa nao kutamdhuru au hakuna manufaa kwake. Afisa akiona hatari ya wazi anaweza kumweka mtoto mahali salama kwa haraka, lakini hawezi kumtenga na wazazi kwa kudumu kwa uamuzi wake peke yake. Kukosa kodi ya chumba si kumdhuru mtoto. Kufukuzwa na mume si kumdhuru mtoto. Aliyetenda kosa hapo ni aliyewafukuza.

Sasa angalia kinachofanyika hasa ukifika pale. Afisa anakusikiliza, anafungua jalada, anamwandikia baba wito. Sheria hiyohiyo inampa mzazi wajibu wa kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Umeona hapo, malazi yamo! Kwa hiyo baba akija anaulizwa watoto wanalala wapi, na anapewa nafasi ya kukubaliana mezani kiasi cha matunzo. Akikataa au akipuuza wito, shauri la matunzo linakwenda mahakamani. Mama anayejificha kwa kuogopa kunyang'anywa watoto anampa baba likizo ya bure.

Woga huu una mzizi, siwezi kuukana. Wapo watoto wanaochukuliwa: waliotelekezwa, wanaopigwa, wanaozurura peke yao bila mtu mzima. Mtu anamwona mtoto wa jirani akipelekwa, hajui alichopitia ndani ya nyumba ile, habari inafika sokoni ikiwa imegeuka. Hata hao kwanza hutafutiwa ndugu, au mlezi wa kuaminika, na makao ya watoto huja mwishoni. Jingine linaniuma zaidi. Nimewahi kumsikia kwa masikio yangu mtumishi wa ofisi moja akimwambia mama, "Ukiendelea kulala nje tutawachukua hao." Alisema kumtisha tu, ili aondoke mlangoni. Neno hilo moja lilizunguka mitaa ya Pasua na Majengo hapa Moshi, na nimelipa kwa miaka ya kubembeleza akina mama.

Ushauri wangu, nao siachi kuurudia: usiende mikono mitupu. Pitia kwa mtendaji wa mtaa akuandikie barua. Beba kadi za kliniki, na vyeti vya kuzaliwa kama vipo. Ukiambiwa njoo kesho, uliza jina la anayekwambia, liandike na tarehe, mbele yake. Utashangaa kesho inavyogeuka kuwa leo.

Yapo na maneno mengine ninayoyasikia kila mara. "Mimi si wa hapa, hawatanihudumia." Halmashauri ina wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto aliye ndani ya eneo lake. Sheria haiulizi kama babu yake ni wa Kibosho au Singida. Na wanaopenda kuwaambia wajane "rudi kihambani", yaani kwenye shamba la ukoo la Wachagga, wafikiri kidogo: kihamba kwa mila kimeshuka kwa watoto wa kiume, shemeji ndiye aliyemfukuza, na kwa baba yake kaka zake wameshagawana.

"Nyumba ni ya mume, akisema toka natoka." Hapana. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 mume hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, na mke aliyetelekezwa hafukuzwi humo kwa sababu tu mume ametaka, ndoa ikiwa bado ipo. Ukiweza, tafuta msaada wa kisheria kabla hujafunga vyombo. Kama unapigwa, ondoka kwanza, haki ya nyumba haipotei kwa kuokoa roho yako.

"Halmashauri itanipa nyumba." Hili pia si kweli, na ni afadhali ulijue mapema. Hatuna sheria inayoilazimisha halmashauri kumpa mtu mzima nyumba. Shirika la Nyumba la Taifa linapangisha, nalo si halmashauri. Utakachopata ni kutafutiwa ndugu, usuluhishi, madai ya matunzo, na mtoto kulindwa. Nenda ukidai hayo.

"Mzee apelekwe tu Njoro." Makazi ya Njoro yapo kwa wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza. Safari ya kufika huko inaanzia kwa mtendaji wa mtaa na Afisa Ustawi. Mwenye watoto sita mjini na mmoja Arusha ana watoto saba wa kumtunza, na hao ndio watakaoitwa kwanza.

La mwisho ni la mwisho wa wiki. Watu hutolewa nje Ijumaa usiku, wakasubiri Jumatatu barazani kwa kuwa ofisi zimefungwa. Nenda polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa jambo la mtoto piga 116, ni bure. Yule mama wa stendi alikubali tulipofika kwenye hiyo namba. Alitaka kwanza aisikie sauti ya mtu, ndipo aende ofisini. Nikampa simu yangu, akaongea huku kashika mkono wa mdogo, kisha akabeba ndoo yake tukaenda.