Mgongo wa Msimu wa Korosho: Maswali na Majibu Kuhusu Pilates ya Kila Wiki

Korosho haichumwi, inaokotwa. Ndiyo maana msimu ukichanganya, kuanzia Oktoba hivi, migongo ya Tandahimba, Newala, Masasi na Nachingwea huanza kulalamika. Mtu anainama, anaokota, anatenganisha korosho na bibo, tunda lake, anasogea hatua mbili, anainama tena, hivyo hivyo mpaka jua linatua. Mbanguaji naye hukaa kwenye kigoda kutwa nzima, mabega yameanguka mbele. Dereva wa bodaboda hupigwa na mitikisiko ya barabara tangu alfajiri. Wengi hutuliza maumivu kwa vidonge vya diklofenaki, ambavyo vikimezwa wiki hadi wiki huumiza tumbo na figo. Haya ni maswali yanayorudi kila Pilates inapotajwa kwa watu wa kazi kama hizi.

Pilates ni kitu gani hasa? Si mambo ya watu wa mjini wenye mashine?

Ni mtindo wa mazoezi ulioanzishwa na Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883. Aliuendeleza akiwa kizuizini Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kisha akahamia Marekani mwaka 1926 na kufungua ukumbi New York, ambako wachezaji dansi walioumia walikuwa miongoni mwa wateja wake. Mashine zipo, lakini sehemu kubwa ya mazoezi yake hufanyika sakafuni. Mkeka wa ukili uliokunjwa mara mbili, au mkeka mmoja juu ya blanketi, unatosha. Godoro halifai: linabonyea, na mgongo unakosa mahali pa kujiegemeza.

Kinacholengwa ni misuli ya ndani inayoshikilia kiuno. Juu kuna kiwambo, msuli wa kupumulia. Chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga, ile unayoibana ukitaka kuzuia mkojo. Nyuma kuna misuli midogo inayounganisha pingili moja na nyingine. Mbele na ubavuni kuna msuli mpana uliozunguka tumbo kama kibwebwe. Mama akitaka kubeba mzigo mzito hujifunga kibwebwe kwanza. Pilates inafundisha mwili ujifunge wenyewe kutoka ndani.

Nitapata faida gani ya kweli?

Tuanze na iliyochunguzwa zaidi, maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaopima tafiti za afya, mwaka 2015 yaliona kwamba wanaofanya Pilates hupata nafuu ya maumivu na hufanya kazi zao vizuri zaidi kuliko wasiofanya mazoezi au wanaopewa msaada mdogo tu. Mapitio hayo hayo hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba Pilates inayashinda mazoezi mengine. Kwa hiyo anayeogelea au kutembea kila siku na mgongo wake umetulia, aendelee na lake.

Faida nyingine ni nguvu ya tumbo na makalio, viungo kulainika, na kusimama imara kwa wazee. Hiyo ya mwisho hatupendi ipitwe haraka, kwa sababu bibi akianguka uani na kuvunjika nyonga, maisha yake yote hubadilika.

Kwa kupunguza uzito, Pilates peke yake ni dhaifu, na haichukui nafasi ya dawa za presha wala kisukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Pilates itakusaidia kwenye upande wa nguvu. Zile dakika 150 zitafute kwa kutembea haraka, baiskeli au jembe.

Kwa nini mnasisitiza kila wiki? Nikifanya kwa nguvu Jumapili moja haitoshi?

Haitoshi, na sababu iko mwilini. Wiki za mwanzo misuli haijakua bado. Ubongo ndio unaojifunza kuiita misuli iliyolala. Somo hilo linahitaji kurudiwa lingali bichi, kama mtoto anayejifunza kuandika herufi. Unene na nguvu ya msuli huanza kuonekana baadaye, kati ya wiki ya sita na ya nane. Ukiacha wiki tatu nne, nguvu huanza kupungua tena. Anayefanya saa mbili kwa mkupuo mmoja hubaki na maumivu ya misuli siku mbili tatu, akili inachukia, na wiki inayofuata mkeka unabaki umeviringishwa.

Fanya mara 3 kwa wiki, dakika 20 hadi 30, na usiruhusu zipite siku tatu bila zoezi. Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi ni mpangilio unaowafaa wengi. Jipe wiki 8 hadi 12 kabla ya kuamua kama inakusaidia au la.

Nianze na nini?

Anza na pumzi, hata kama una haraka. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini, miguu imeachana upana wa nyonga. Weka viganja kwenye mbavu za chini, ncha za vidole vya kati zikigusana. Vuta pumzi kwa pua. Mbavu zikifunguka ubavuni, vidole vitaachana kidogo. Toa pumzi kwa mdomo taratibu, kama unayepuliza moto wa mkaa usitawanye majivu. Pumzi inapotoka, bana sakafu ya nyonga kwa upole na uvute sehemu ya chini ya kitovu kuelekea mgongoni. Tumia nguvu kidogo tu, kama theluthi ya uwezo wako. Ukibana kwa nguvu zote utajikuta umezuia pumzi, mbavu zimekakamaa, na msuli wa ndani umeachia kazi misuli ya juu. Jipime hivi: ukishindwa kuongea huku umebana, umebana mno. Rudia pumzi 10.

Zoezi hilo la pumzi likikaa sawa, ongeza la pili liitwalo daraja, la kuinua nyonga. Ukiwa umelala vile vile, visigino viwe kiasi cha shibiri moja na nusu kutoka kwenye makalio. Toa pumzi, bonyeza kiuno kwenye mkeka, kisha inua mkia, yaani ncha ya chini ya uti wa mgongo, halafu kiuno, halafu mgongo wa kati, pingili baada ya pingili, mpaka mabega, nyonga na magoti viwe mstari mmoja. Vuta pumzi ukiwa juu. Toa pumzi huku ukishuka, mgongo wa juu ukianza kugusa mkeka na mkia ukimalizia. Fanya 8, pumzika, fanya 8 tena.

Daraja huharibika kwa njia tatu. Ukipanda juu mno, kiuno kinapinda nyuma na kuuma. Shuka kidogo, mbavu zirudi ndani. Ukipata mkakamao nyuma ya paja, mara nyingi ni kwa sababu visigino viko mbali. Visogeze karibu na usukume kwa kisigino. Magoti yakiachana, shika kanga iliyokunjwa katikati yake, na ikidondoka utajua umeachia.

La tatu ni mkono na mguu. Piga magoti, viganja chini ya mabega, magoti chini ya nyonga. Nyoosha mguu wa kulia nyuma na mkono wa kushoto mbele, kaa sekunde 5, rudi, badilisha. Fanya 6 kila upande. Weka kikombe cha plastiki chenye maji kidogo juu ya kiuno. Kikianguka, umezungusha nyonga. Nyoosha mguu peke yake kwanza mpaka kitulie.

Mwisho lala kifudifudi, paji la uso juu ya viganja, inua kifua vidole vinne tu kutoka kwenye mkeka, shuka. Fanya 8. Kwa aliyeinama kutwa shambani hili ni tamu kuliko yote, na tungependa asiliruke hata siku ambayo amechoka na mengine ameyaacha.

Shingo inaniuma nikifanya lile zoezi la mia. Nakosea wapi?

Zoezi la mia ndilo maarufu kuliko yote ya Pilates: umelala chali, kichwa na miguu vimeinuliwa, mikono inapigapiga hewani juu chini mara 100. Unavuta pumzi kwa mapigo 5, unaitoa kwa mapigo 5, mizunguko 10. Shingo huuma kwa sababu tumbo halijaweza kubeba kichwa, hivyo shingo inabeba peke yake. Laza kichwa chini, kunja magoti, acha nyayo mkekani, piga mikono tu, mizunguko 4. Ongeza mzunguko mmoja kila wiki. Kichwa kiinuliwe ukiweza kumaliza 10 bila tumbo kutuna juu kama maandazi.

Joto la huku je? Na Ramadhani?

Fanya baada ya sala ya alfajiri, au jioni jua likishapoa. Kuanzia saa nne asubuhi joto na unyevu wa pwani ya Mikindani au Lindi mjini humkausha mtu haraka. Usifanye ukiwa umeshiba. Subiri saa mbili baada ya kula, maana mengi ya mazoezi haya ni ya kulala na chakula kitarudi kifuani. Mwezi wa Ramadhani punguza iwe dakika 15, karibu na magharibi ili futari isiwe mbali, au baada ya tarawehe.

Mjamzito na aliyejifungua wanaruhusiwa?

Mjamzito asiye na tatizo anaweza, baada ya kumuuliza mkunga wake kliniki. Mimba ikipita wiki 16, asilale chali kwa muda mrefu, kwa sababu uzito wa mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo na anaweza kupata kizunguzungu. Afanye mazoezi ya magoti na mikono, ya ubavu na ya kukaa. Akitokwa damu au maji ukeni, au mikazo ikianza, aache na aende kituo cha afya.

Aliyejifungua kawaida anaweza kuanza pumzi na kubana sakafu ya nyonga siku za mwanzo akijisikia vizuri, ila daraja na mengine yasubiri ukaguzi wa wiki 6. Aliyepasuliwa asubiri zaidi, mpaka daktari aridhike na kidonda. Kisha ajipime tumbo: alale chali, magoti yamekunjwa, ainue kichwa kidogo na kugusa kwa vidole mstari wa katikati juu na chini ya kitovu. Vidole viwili au zaidi vikizama, misuli imeachana, na zoezi la mia linaweza kuzidisha hali hiyo. Mama huyu abaki kwenye pumzi na daraja kwanza.

Nina presha. Na bibi yangu mifupa imekuwa dhaifu.

Mwenye presha hatari yake kubwa ni kuzuia pumzi, maana presha hupanda ghafla. Hesabu kwa sauti unapofanya. Anayehesabu kwa sauti hawezi kuzuia pumzi. Presha isiyodhibitiwa itulizwe hospitali kwanza.

Bibi mwenye mifupa dhaifu asifanye zoezi lolote la kukunja mgongo mbele, kama kujikunja kutoka kulala hadi kukaa au kubingirika, kwa sababu pingili zilizodhoofika zinaweza kubonyea. Daraja afanye mgongo ukiwa umenyooka, bila kukunja kiuno. Kusimama mguu mmoja ameshika ukuta, sekunde 10 kila upande, kunamfaa zaidi.

Maumivu gani yananiambia niache?

Misuli kuuma kesho yake na kesho kutwa ni kawaida. Maumivu makali yanayoshuka mguuni mpaka chini ya goti, au yanayozidi kila ukifanya, si ya kuvumilia. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukipata ganzi sehemu za siri, ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, au mguu ukikosa nguvu. Usichelewe pia kama mgongo ulianza kuuma baada ya kuanguka kutoka mtini au kwenye pikipiki, au maumivu yameambatana na homa au kukonda. Kwa mgongo unaoendelea bila dalili hizo, hospitali za rufaa za mikoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, ni mahali pa kuulizia fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi.

Shambani nitaitumiaje?

Unapookota, pinda kwenye nyonga, makalio yaende nyuma, magoti yalegee, tumbo lifunge kile kibwebwe cha ndani. Badilisha: mara uiname, mara upige goti moja chini. Toa pumzi unaponyanyua ndoo. Gunia lililojaa la kilo 80 linyanyuliwe na watu wawili, na kila mmoja alikaribie kabla ya kulishika. Kila baada ya dakika 30 simama, weka viganja nyuma ya kiuno, jikunje nyuma taratibu mara 5, macho yakitazama majani ya mkorosho juu, kisha endelea kuokota.