Sosi ya chokoleti huanzia kwenye unga wa kokoa

Katika madarasa yangu ya keki, swali la sosi ya chokoleti halikosi, na wengi wanaouliza wamekwama pale pale: wameyeyusha chokoleti ya kula, wakaona nzito, wakaongeza kijiko cha maziwa ili ilegee. Badala ya kulegea ikawa donge lenye chengachenga.

Chokoleti ni chembe za sukari na kokoa zilizozungukwa na mafuta, na maji ndani yake ni kama hamna. Maji kidogo yakiingia, sukari huyanyonya, hunata, na chembe zote hushikana. Usiitupe. Ongeza maji ya moto, kijiko kimoja kimoja, huku ukikoroga kwa nguvu, nayo italainika. Haitafaa tena kuganda juu ya keki, ila sosi itakuwa.

Mimi sipiti huko kabisa. Natumia unga wa kokoa, yaani kokoa iliyokamuliwa sehemu kubwa ya mafuta, kazi ambayo familia ya Van Houten ya Uholanzi iliisajilia hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1828. Ladha ya chokoleti tunayoitafuta imebaki humo kwenye unga, pamoja na wanga, na huo wanga ndio utakaotushikia sosi. Soma kopo kabla ya kununua: iwe kokoa tupu. Ile ya kinywaji yenye sukari na maziwa haifai hapa.

Changanya sukari gramu 200, kokoa gramu 75 na robo kijiko cha chai cha chumvi zikiwa kavu bado. Kokoa ina mafuta, kwa hiyo hukataa maji na kufanya madonge. Chembe za sukari huitenganisha. Mimina maji ya moto kidogo kidogo, uipate laini kwanza kama unavyokoroga unga wa uji, kisha malizia mpaka yatimie mililita 240.

Sasa ichemke kweli. Wengi huepua povu la kwanza linapopanda, na ndiyo maana sosi yao ina ladha ya vumbi. Ipe dakika 3 au 4 za kuchemka kwa moto wa wastani, mwiko ukigusa chini muda wote, wanga uvimbe na ubichi uishe. Ikiwa moto itaonekana nyepesi. Usishawishike kuendelea kuipika. Dondosha tone kwenye sahani baridi ndipo uamue. Ukishaepua, tia kijiko cha siagi na vanila, kwa sababu harufu ya vanila hupotea na mvuke.

Ukibahatika kupata kokoa ya Kyela, kule Mbeya, iliyosagwa nzima bila kukamuliwa, itumie, nina mapenzi nayo makubwa. Lakini karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, hivyo acha siagi, na ujue kwamba sosi itakuwa ngumu zaidi ndani ya friji.

Hifadhi kwenye chupa ya kioo safi na kavu, kwenye friji, kwa wiki 2 hivi. Ukitumia maziwa badala ya maji, imalize ndani ya siku 3 au 4. Kuipasha, simamisha chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu kwanza, kisha ya moto, ili kioo kisipasuke, halafu imimine juu ya aiskrimu au ndizi mbivu za kukaanga.