Mtoto wa mwizi si mwizi

Haipiti wiki hapa Tanga bila mtu kukaa mbele yangu akaniambia, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Mjomba aliyeachiwa yatima atalisema, mama wa kambo atalisema, hata mwalimu wa shule atalisema. Kazi yangu ni ushauri nasaha kwa familia, na nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nawajibu wote kwa pamoja.

Dhana ni kwamba wema na ubaya wa mtu vimo katika damu: ukishajua baba yake, umeshamjua na yeye. Katika yote ninayoyasikia hakuna linaloharibu watoto kama hili.

Bibi mmoja wa mtaa wa Ngamiani alimleta mjukuu wake wa miaka tisa. Mtoto kachukua shilingi elfu mbili. Bibi akafungua pindo la kanga yake ili nione fundo lilipokuwa. "Mwanangu, baba yake yuko jela kwa wizi. Damu haipotei. Mimi nimeshamaliza." Mtoto yupo palepale, anasikia kila neno, macho yako kwenye vidole vya miguu yake. Kifuniko cha kalamu yangu kikaanguka, kikabingiria chini ya kabati. Bila kuambiwa, mtoto akalala kifudifudi, akakitoa, akakifuta vumbi kwenye shati lake na kunipa kwa mikono miwili. Bibi hakuona. Alikuwa bado anafunga pindo.

Hela mtoto alinunulia mihogo ya kukaanga na kachumbari. Wakati wa mapumziko wenzake hula, yeye hujifanya hana njaa. Kuchukua kile kisicho chako ni kosa na nilimwambia hivyo waziwazi. Lakini njaa ya saa nne asubuhi haikutoka kwa baba yake gerezani.

Sasa ukweli. Kurithi kupo, wala sibishi. Mwaka 2015 zilijumlishwa tafiti za mapacha zilizofanywa duniani kwa miaka hamsini, zenye jozi zaidi ya milioni 14. Kwa sifa za kila namna, kuanzia kimo mpaka tabia, karibu nusu ya tofauti baina ya watu ilihusishwa na kurithi. Ila kinachorithiwa ni hulka: wepesi wa hasira, woga, kutotulia, kuthubutu. Wizi haurithiwi. Mtoto asiyejua kuogopa anaweza kuwa mvuvi anayerudi baharini kumwokoa mwenzake, na huyohuyo, akikosa mtu wa kumwongoza, akawa mvunja nyumba.

Wapo waliolipima jambo hili kwa rekodi za mahakama. Denmark walifuatilia watoto wa kiume walioasiliwa, yaani waliochukuliwa kulelewa na wazazi wasiowazaa, kati ya mwaka 1927 na 1947, wakatazama nani alipatikana na hatia: mtoto, mzazi aliyemzaa, mzazi aliyemlea. Matokeo yalitoka mwaka 1984. Pale ambapo wazazi wa kuzaa na wa kulea wote walikuwa safi, watoto 13.5 katika kila 100 walikuja kupatikana na hatia. Pale ambapo mzazi wa kuzaa ana hatia na mlezi hana, walikuwa 20 katika 100. Kwa hiyo tofauti ipo. Lakini hesabuni wenyewe: 80 katika 100 wana baba au mama mhalifu na hawakuwahi kupatikana na hatia yoyote. Kama mtoto wa nyoka ni nyoka, hawa 80 wametoka wapi? Na wale 13.5 wa wazazi safi, nyoka wao ni nani?

Kuna wanaonijibu kwa dini, na hapo ndipo ninaposhangaa zaidi. Kila chuo cha Kurani cha mji huu kinasomesha hadithi ya Mtume kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani umbile safi, kisha wazazi wake ndio humgeuza. Na Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliwajibu watu waliodai tabia haibadiliki: ingekuwa hivyo, mawaidha yote yangekuwa bure, na hata wanyama hufugika. Wazee wanaonitajia nyoka wanaijua vizuri pia methali ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawailetagi ofisini kwangu, kwa sababu hiyo inawauliza wao.

Ushauri wangu ni uleule ninaompa kila mlezi, mtu akinicheka na acheke: mtoto aliyeiba mrudishie amana mapema. Mpe elfu moja aende dukani, alete sukari na chenji. Akileta kamili, pokea, sema ahsante, usimsachi. Kesho mtume tena. Uaminifu ni mazoezi, na aliyefungiwa kila kitu hana pa kuufanyia mazoezi. Na asubuhi mpe cha kula.

Mengine ninayoambiwa kuhusu wema wa watu nitayapitia haraka.

"Mtu mwema ni mwema popote." Mwaka 1973 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, Darley na Batson, waliwatuma wanafunzi 40 wa theolojia kwenda jengo la pili kutoa hotuba fupi. Njiani mtu amejikunja mlangoni, anakohoa na kugumia. Miongoni mwa walioambiwa wamechelewa, 10 katika 100 walisimama kumsaidia. Wasio na haraka, 63 katika 100. Baadhi yao walikuwa wanakwenda kuhubiri habari ya Msamaria Mwema, yule wa Injili aliyemsaidia majeruhi njiani, na hilo halikubadilisha lolote la maana. Basi anayetaka kuwa mwema aanze kwa kuondoka nyumbani mapema. Nasema kweli kabisa.

"Utu umekwisha, siku hizi watu hutazama tu." Kamera za barabarani zinasema vingine. Utafiti uliotoka mwaka 2019 ulichambua ugomvi 219 katika Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika matukio 91 kwa kila 100, angalau mpita njia mmoja aliingilia kati. Na kadiri watu walivyokuwa wengi, ndivyo msaada ulivyopatikana zaidi.

"Mwema hakasiriki." Hapana. Anayeona mtoto akidhalilishwa na hakasiriki ana kasoro ya kushughulikiwa.

"Binadamu huzaliwa mbaya, fimbo ndiyo humtia utu." Hili huja na watu wanaojiona wapole. Mwaka 2006 watafiti Warneken na Tomasello, wakiwa Leipzig, Ujerumani, walijaribu watoto wa miezi 18. Mtu mzima anaanika nguo, anaangusha kibanio na hakifikii. Wengi wa watoto hao walitambaa au kutembea wakakiokota wakampa, bila kuombwa, bila pipi. Umri huo si fimbo iliyowafundisha utu. Na kuhusu fimbo yenyewe, mwaka 2016 zilijumlishwa tafiti 75 zilizohusu watoto zaidi ya 160,000. Kupigwa kulikwenda pamoja na ukorofi zaidi na uhusiano mbaya zaidi na mzazi, na hakukuonekana kumtengeneza mtoto.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu ya kikatili, na inamhusu kila aliye chini ya miaka 18, awe mtoto wa shehe au wa mfungwa. Kama kuna nyumba mtaani kwako ambamo mtoto anapigwa kwa sababu ya baba yake, nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Ni bure, na huhitaji kuwa ndugu wa mtoto.