Usaili wa Serikali ya Marekani Si Kazi ya Mkandarasi

Swali limerudi tena: mkandarasi amepata nafasi kwenye orodha ya zabuni ya GSA, wakala wa ununuzi wa serikali ya Marekani, upande wa rasilimali watu, sasa anauliza atumie fomu gani kuwasaili waombaji wa kazi katika taasisi ya serikali iliyompa oda, yaani agizo la kazi chini ya mkataba huo. Hakuna fomu. Usaili huo si wako.

Kanuni za ununuzi za shirikisho, FAR, katika Sehemu ya 7, zinataja majukumu ambayo hayatoki mikononi mwa mtumishi wa umma. Kumchagua au kutomchagua mtu kwa ajira ya serikali limo, na usaili umetajwa papo hapo. Kuidhinisha maelezo ya kazi na viwango vya utendaji vya watumishi nako kumo. Afisa mikataba hana uwezo wa kukugawia hayo, hata akiyaandika kwenye oda na kuitia saini.

Ya orodha yenyewe niyapitie haraka. Mafunzo yako chini ya msimbo 611430, huduma za rasilimali watu 541612HC. Ada ya GSA ni asilimia 0.75 ya mauzo, iweke ndani ya bei yako tangu mwanzo. Mkataba ni wa miaka 5, huongezwa hadi mara 3. Kuwemo humo ni ruhusa ya kushindania oda, basi.

Panapostahili muda ni kwenye mpaka kati ya kuandaa na kuamua. Mkandarasi anaweza kuandika rasimu ya maelezo ya kazi, kuandaa tangazo la USAJOBS (tovuti ya ajira za serikali hiyo), kutunga maswali ya usaili na jedwali la alama, kupanga ratiba. Haya hayanipi shida. Shida ni mchujo. Maombi yameingia 400, umepeleka 12, na afisa wa taasisi hakuwaona wale 388. Ni nani aliyeamua? Waraka wa sera 11-01 wa mwaka 2011, wa ofisi ya sera za ununuzi ya serikali hiyo, unaitaka taasisi iwe na watumishi wa kutosha kusimamia kazi zinazokaribia mpaka huu, lakini "kutosha" haina kipimo, na sijaona tafsiri moja inayoniridhisha.

Ninavyopima mimi ni hivi: kuangalia kama cheti kimeambatishwa ni ukarani. Kusema uzoefu wa mtu "haulingani" na nafasi ni hukumu, na hukumu ni ya serikali. Kwa hiyo kila jina linaloachwa liwe na safu ya sababu inayotaja kigezo kilichokosekana, karatasi iitwe mapendekezo, na afisa wa taasisi apitie orodha ya walioachwa na kuisaini kabla mwombaji yeyote hajajulishwa. Akisaini bila kusoma, umerudi palepale, ndiyo maana safu ya sababu isiwe na neno moja tu.

Kwenye mafunzo uko huru zaidi: buni, fundisha, sahihisha mtihani. Mtihani ukitumika kupandisha vyeo, alama utatoa wewe, uamuzi utatoa taasisi. Hatari kubwa ya mafunzo ni nyingine. Mkufunzi akikaa ofisini kwao mwaka mzima, kwenye kompyuta yao, akipangiwa kazi kila asubuhi na mkuu wa kitengo, hiyo imeshakuwa "huduma binafsi", yaani mtu wa mkandarasi anatumikishwa kama mtumishi wa serikali, jambo ambalo FAR inalikataza pasipo sheria mahsusi inayoliruhusu. Uza darasa, usimuuze mtu: madarasa 12, siku 2 kila moja, washiriki wasiozidi 25, bei moja kwa darasa, na mabadiliko yote yapitie kwa afisa mikataba. Mkufunzi ajitambulishe kuwa ni wa mkandarasi, hata kwenye simu na mikutano.

Sasa maneno ya hadidu za rejea. "Mkandarasi ataajiri wataalamu 40" yafute. Andika: "Mkandarasi atawasilisha rasimu 40 za maelezo ya kazi, kila moja ndani ya siku 10 za kazi tangu kupokea taarifa za nafasi; taasisi itaikubali au kuirudisha na maoni ndani ya siku 5 za kazi." Zile siku 5 zipiganie. Zikikosekana, rasimu inalala mezani kwa meneja, na ankara yako inalala nayo, kwa kuwa hakuna aliyefungwa na tarehe ya kusema imepokelewa.